Simu Iliyolia Shimoni

"Usitikisike, Ersilia, nitakuchoma."

"Simu inalia, Bi Desolina."

"Iache ilie. Mke wa sonara hakuwa na simu."

Ersilia akacheka, gauni la hariri likamcheza kiunoni, na pini ikamchoma kweli. Akanyoosha mkono mpaka kwenye meza ya cherehani, akaichukua simu, akasoma. Kicheko kikamkauka usoni.

Desolina akatoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine.

"Lete nione."

Ujumbe ulisema hivi: "Leo umeimba mpaka nikasahau kupumua. Huyo anayekuoa anajua alichonacho? Nipe dakika kumi tu za kuzungumza nawe. Mimi ninayekuona."

"Nani huyu anayekuona?"

"Sijui. Huu ni wa nne tangu Jumatatu. Namba siijui."

"Umemjibu?"

"Mara mbili. Soma hapo juu."

Desolina akavaa miwani. Jibu la kwanza: "Kaka, umekosea mlango. Nina mtu wangu na nampenda." Jibu la pili: "Nimeshakwambia nina mtu. Ukinitumia tena nitamwonyesha."

"Na utamwonyesha?"

"Mchana huu huu. Mimi na Ivano hatufichani."

Desolina akarudisha pini mdomoni, akaendelea kupunguza kiuno cha gauni. Ana miaka sabini na tano na hajawahi kulipwa hata mara moja kwa kushona pale. Jumba la opera la Roccasecchia lina bamba la marumaru mlangoni lenye majina ya familia kumi na nne za wenye mashamba, zilizonunua vyumba vya kutazamia onyesho karne mbili zilizopita. Majina ya waliolifufua mwaka 1988 hayamo. Wakati ule halmashauri ilikuwa imekwisha amua jumba libomolewe, pawe maegesho ya magari. Waashi, wakamua ng'ombe na wanawake wa kiwanda cha jibini wakaja Jumapili baada ya Jumapili kwa miaka mitano, wakabadilisha mbao, wakapaka dari upya. Siku ya ufunguzi wakapewa viti vya ghorofa ya juu kabisa, pale unapoiona nusu ya jukwaa. Wapo huko huko mpaka leo, wao na watoto wao, na wanazijua opera neno kwa neno. Mwimbaji akikosea, miluzi inaanzia huko. Desolina anayakumbuka majina yote ambayo bamba limeyasahau, na ukikaa naye vizuri atakutajia.

Mwaka huo walikuwa wanaandaa "Mke wa Sonara", opera ya kuchekesha ya zamani. Sonara anamuaga mkewe kwamba anakwenda Venezia, kisha anarudi amejibandika masharubu, amejifanya bwana mkubwa kutoka Poland, anamtongoza mke wake mwenyewe aone kama atakubali. Ersilia alikuwa mke. Sonara alikuwa Saverio, mtu wa Bari, sauti nzito, nywele za mafuta, mcheshi kupita kiasi. Na mbele kabisa ya jukwaa, ndani ya kibanda cha mbao kilichozama sakafuni, kichwa kikichungulia usawa wa miguu ya waimbaji, alikaa Ivano, mnong'onezaji.

Wasiojua hudhani kazi ile ni ya kusoma kitabu tu. Mnong'onezaji humtupia kila mwimbaji neno la kwanza la kila mstari, nukta moja kabla ya zamu yake, sauti ya chini ambayo watazamaji hawaisikii. Akichelewa, mwimbaji anabaki mdomo wazi. Akiwahi, anamvuruga. Ivano hakuwahi wala hakuchelewa. Miaka minane nyuma Ersilia alisahau maneno mbele ya ukumbi mzima katika mji mwingine, akapigiwa miluzi mpaka pazia likashushwa, akarudi nyumbani kuuza dawa za kikohozi kwenye duka la dawa, na kuimba akawa ameapa kuacha. Ivano ndiye aliyemrudisha. Misimu mitatu ya baridi iliyopita alimwambia, "Wewe panda tu jukwaani. Maneno niachie mimi." Akapanda. Mapenzi yao yalianzia hapo, katika kutoa neno na kulipokea.

Tangazo la ndoa yao lilikuwa limebandikwa kwenye kioo cha halmashauri. Zilibaki siku kumi na saba.

* * *

Mchana, wakiwa na sahani za tambi za kujazwa maboga, Ersilia akaisukuma simu katikati ya meza.

"Soma."

Ivano akasoma. Akasoma tena. Uma ukabaki hewani.

"Nani huyu?"

"Ndiyo nakuuliza wewe."

"Labda Saverio," Ivano akasema. "Wa kusini hao, wewe huwajui."

"Saverio ana mke na mapacha, kila mapumziko anawapigia simu."

"Wenye mapacha ndio wabaya." Akanywa mvinyo. "Na wewe? Unajisikiaje ukiambiwa maneno hayo?"

"Najisikiaje vipi?"

"Nauliza tu. Ni maneno mazuri."

"Maneno mazuri niliyaomba mimi? Nataka mtu huyu aache."

"Ataacha," Ivano akasema, akainama kwenye sahani yake. "Usijali, mpenzi. Ataacha."

Hakuacha. Alhamisi zilikuja mbili, Ijumaa tatu. "Nakuota umevaa lile gauni la kijani." "Ukiniruhusu, nitakuja mpaka unapokaa." Ersilia akamwandikia kwa herufi kubwa: "NIACHE." Kikundi kizima kikajua, maana kwenye kwaya ya waashi na wauza nyama siri haimalizi saa moja. Wote wakamtazama Saverio. Jumatatu asubuhi ndugu wawili waimba sauti nzito wa kwaya, Oreste na Nevio, waashi wenye mikono kama majembe, wakamweka Saverio kati kwenye baa ya kahawa.

"Sikiliza wewe," Oreste akasema. "Ersilia tumemwona akizaliwa."

"Mimi nimefanya nini?"

"Hatujasema umefanya. Tumesema tumemwona akizaliwa."

Maneno yakamfikia maestro, mwongoza orkestra, mtu mkavu asiyependa kelele isiyoandikwa kwenye noti. Akamwita Saverio ofisini. Alipotoka, mafuta ya nywele yalikuwa yamemtiririka mpaka kwenye kola.

"Maestro amempigia simu mwimbaji mwingine Bologna," Saverio akamwambia Ersilia kwenye korido. "Ikija meseji nyingine, naondoka. Dada, nakuapia kwa wanangu, si mimi."

Ersilia hakujua amwamini nani. Jumanne ujumbe mwingine ukaingia, akausoma akiwa kwenye ngazi za nyuma za jukwaa:

"Kuna jambo lako moja nalipenda kuliko yote. Kabla ya ile noti ya juu, unachomoa kisigino cha kulia kwenye kiatu, taratibu, kama mtoto anayetaka kuvua viatu kanisani. Hakuna anayekujua kama mimi."

Akakaa chini. Mwenyewe hakuwa na habari kwamba hufanya hivyo. Akasimama, akavuta pumzi kama anayejiandaa kwa noti ya juu, na kisigino kikatoka chenyewe.

Akapanda chumba cha kushonea.

"Bi Desolina. Umenishonea magauni miaka mitatu. Umewahi kukiona kisigino changu nikiwa naimba?"

"Gauni linafagia sakafu. Nitakionea wapi?"

"Saverio akisimama pembeni yangu?"

"Saverio hata tumbo lake haoni."

"Watu wa juu?"

"Watu wa juu wanaona utosi wako."

"Basi nani anayeweza kuona chini ya pindo la gauni langu?"

Desolina akazima cherehani. Alimwangalia binti yule aliyekuwa ameshika mlango kwa mikono miwili.

"Aliye chini ya sakafu," akasema.

Ersilia akatikisa kichwa kukubali. Hakulia. Alikaa kwenye kikapu cha vitambaa.

"Nilimwonyesha meseji zake mwenyewe," akasema. "Nilimwonyesha, akala tambi."

"Muache."

"Nampenda, Bi Desolina."

"Sijakuuliza kama unampenda. Nimekwambia muache. Mama yangu alishukiwa miaka ishirini na mwanamume aliyekuwa na mwanamke mwingine kila soko la Alhamisi. Alikufa akiwa bado anajieleza."

"Nipe mpaka kesho."

"Kesho ufanye nini?"

"Kesho Saverio asiondoke bure."

* * *

Kesho yake alasiri yalikuwa mazoezi makubwa: orkestra nzima, mavazi kamili, na waume kwa wake wa kwaya wamejaza viti vya chini. Walipofika kwenye onyesho la bwana mkubwa wa Poland kumpigia mke magoti, Ersilia akanyanyua mkono. Vinanda vikafa kimoja kimoja.

"Maestro, naomba dakika moja."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Halafu sitakuomba tena."

Desolina akatokea pembeni na simu mkononi, kama mtu anayeleta glasi ya maji. Ersilia akaipokea, akabonyeza ile namba, akaushusha mkono ubavuni. Ukumbi ukasubiri.

Kitu kikaanza kunguruma. Kilinguruma kama nyuki ndani ya debe. Mafundi wa zamani walikijenga kibanda cha mnong'onezaji kirushe sauti jukwaani, na hawakukosea: hata mvuta kamba nyuma ya pazia aliisikia.

Kichwa cha Ivano kilionekana kimesimama sakafuni kama kabichi shambani. Hakikusogea.

"Pokea," Ersilia akasema.

"Ersilia..."

"Pokea simu, Ivano. Mwambie Saverio ni nani anayeniona."

Ngurumo ikaendelea. Saverio akang'oa masharubu ya Poland, upande mmoja kwanza, kisha wa pili.

"Siku tatu nzima," akasema polepole, "nakunywa kahawa nimesimama mlangoni nipate pa kukimbilia. Mke wangu nimemwambia nina mafua."

"Saverio, nisamehe," Ivano akasema.

"Mimi? Mimi nitakusamehe kesho. Muulize huyu."

Oreste akasimama kutoka viti vya chini, mikono ile ya majembe akiwa hajui aiweke wapi.

"Saverio, kahawa yako kuanzia leo ni juu yangu."

"Na keki."

"Na keki."

Maestro akafunga kitabu chake cha noti. Alikuwa mwekundu mpaka masikioni.

"Ivano, toka humo. Nenda nyumbani."

"Hapana, maestro," Ersilia akasema. "Onyesho ni Jumapili. Hakuna mnong'onezaji mwingine kutoka hapa mpaka Milano anayeijua opera hii, na wenzangu ishirini na sita wanamtegemea. Mimi mambo yangu nitayamaliza mwenyewe. Tuendelee kutoka kwenye magoti."

Wakaendelea. Na wote waliokuwepo wanakuambia hivyo hivyo: hakuimba vizuri vile siku yoyote kabla ya hapo. Pembeni ya pazia Desolina alikuwa amekunja mikono, kidevu juu, kama yeye ndiye aliyemzaa.

* * *

Watu walipotawanyika, taa moja ikabaki. Ivano hakuwa ametoka shimoni. Ersilia akaja akakaa ukingoni mwa jukwaa, miguu ikining'inia upande wa orkestra, mgongo akiwa amempa.

"Kwa nini?"

"Sijui nianzie wapi."

"Kazi yako ni kuwaanzishia watu. Jianzishie."

Ivano akakiweka kitabu magotini.

"Luana," akasema. "Aliniacha zikiwa zimebaki wiki mbili tufunge ndoa. Akaondoka na tenor mmoja, mwimbaji wa Ancona. Unajua."

"Najua. Ulinieleza, nikalia pamoja nawe."

"Na sisi tulikuwa tunakaribia wiki mbili. Kila siku nimekaa humu, namsikia sonara anaimba kwamba mume aliyemjaribu mkewe ndiye anayelala usingizi. Mwezi mzima. Likaniingia."

"Ule wimbo ni wa kuchekesha, Ivano. Watu hucheka hapo."

"Mimi sikucheka."

"Na nilipokujibu mara ya kwanza, kwamba nina mtu wangu na nampenda?"

"Nilifurahi mpaka machozi."

"Sasa mbona hukuacha?"

Kiti cha shimoni kikalia.

"Nilitaka kusikia tena," Ivano akasema.

Ersilia akageuka, akamtazama kwa mara ya kwanza tangu simu iliponguruma.

"Unasikia unachosema? Mimi kitandani sipati usingizi, nageuza geuza nyuso za watu wote wa mji huu, Saverio anataka kufukuzwa kazi, na wewe umekaa na simu unasema, rudia, nimependa. Kama mazoezi."

"Ndiyo," Ivano akasema. "Ndivyo ilivyokuwa. Sina neno la kupamba."

"Mambo haya yana miaka mia mbili jukwaani. Mwanamume anavaa masharubu, mwanamke anafanyiwa mtihani, ukumbi unacheka. Sijaona opera ambayo mke anabandika masharubu kwenda kumpima mume. Nilivumilia kuiimba kwa sababu muziki ni mzuri, na kwa sababu nilidhani aliye shimoni yuko upande wangu."

"Niambie nifanye nini. Nitafanya."

"Jumapili sitaki neno lako."

"Vipi?"

"Wenzangu wape kama kawaida. Mimi, hata moja. Nikiingia jukwaani, wewe kwangu ni bubu."

"Ersilia, usifanye hivyo. Pale kwenye wimbo wa taa, tendo la pili, ulishapotea mara mbili kwenye mazoezi. Watu wa juu watakula nyama yako."

"Wanile. Ukinitupia neno, hata nusu, Jumamosi inayofuata usijisumbue kwenda halmashauri."

"Na nikikaa kimya?"

"Ukikaa kimya utakuwa umekaa kimya. Sikuahidi kitu."

Akavuta miguu, akasimama, akaondoka akiwa ameshika pindo la gauni asilikanyage.

* * *

Jumapili, saa tisa na nusu alasiri, ukungu ulikuwa umeufunika mto na nusu ya mji, lakini juu hapakuwa na pa kuweka sindano. Walikuja na mikate ya kukaanga kwenye mifuko, wakaibana mapajani, wakaegemea chuma cha ukingo. Habari ya simu ilikuwa imeshazunguka kila jiko. Taa zilipozimwa, mtu mmoja juu kule akasema kwa sauti ya kuongea tu:

"Shimoni kuna mtandao leo?"

Ghorofa nzima ikacheka. Ivano akainamisha kichwa kwenye kitabu chake. Alistahili, na alijua.

Tendo la kwanza likapita. Saverio akapata makofi ya masharubu, Ersilia akapata makofi yake. Kila zamu yake ilipokaribia, midomo ya Ivano ilifunguka kwa mazoea ya miaka, ikafungwa. Ersilia aliiona. Akaimba bila kuingoja.

Tendo la pili, wimbo wa taa. Mke yuko peke yake. Mumewe amesafiri, bwana mkubwa ametoka mlangoni sasa hivi, na yeye anawasha taa dirishani. Ubeti wa kwanza ukaenda kama maji. Zumari likacheza kipande chake kifupi, likanyamaza, likamwachia zamu.

Hakuna kitu.

Ersilia alifungua mdomo na ndani mlikuwa mweupe. Neno halikuwepo. Maestro akashika orkestra kwa mkono wa kushoto, fimbo hewani, vinanda vikishikilia sauti moja nyembamba. Juu kule kiti kikalia, mtu akaegemea mbele. Miaka minane ikamrudia yote kwa pamoja: pazia, miluzi, gari moshi la kurudi nyumbani.

Akamtazama Ivano. Haikuwa hiari, macho yalikwenda yenyewe.

Ivano alikuwa analo. Ungeliona limekaa kwenye ulimi, limefura shavuni. Jasho lilikuwa linamtoka. Angelitoa, angekuwa amemwokoa na kumpoteza kwa pumzi ile ile. Mtu aliyezoea kuhakikisha, aliyeshindwa kulala mpaka apime, alikuwa anatazama mchumba wake akizama hatua mbili kutoka puani mwake.

Akafunga kitabu. Hakukifunga kwa hasira. Alikifunga kwa viganja viwili, akaviweka juu yake, akanyanyua uso, akamtazama kama anavyotazama mtu aliyekata tiketi ya juu na kuja kusikiliza tu.

Ersilia akaona. Akavuta pumzi, na lililotoka halikuwa neno kwanza, ilikuwa sauti, na neno likaja limeipanda sauti: "Taa nimeiwasha, mlango sikuufunga." Akaendelea nalo mpaka noti ya juu, akaishika, akakataa kuiachia, na alipoiachia juu hapakusikika hata mfuko wa mkate.

Kisha wakalipuka. Walipiga miguu sakafuni mpaka vumbi la dari waliyoipaka rangi baba zao likawanyeshea wenye vyumba vya kununua huko chini.

Tendo la tatu lina mwisho ambao kila mtu anaujua. Sonara anavua masharubu, mke anapiga magoti, anaomba radhi kwa jambo ambalo hakulifanya, mume anasamehe kwa moyo mkubwa, wote wanaimba. Saverio akavua masharubu. Muziki wa magoti ukaanza. Ersilia akabaki amesimama.

Saverio alikuwa mtu wa jukwaa. Akamtazama, akautazama muziki unavyokwisha, na bila kumwuliza mtu akashuka yeye, goti moja, kisha la pili, tumbo na vyote, akaimba mistari ya msamaha kana kwamba iliandikiwa yeye. Ersilia akaimba ya kusamehe. Kwa noti hakuna kilichoharibika. Maestro, mtu asiyependa kisichoandikwa, alitikisa fimbo mpaka mwisho, na waliokaa karibu naye wanasema alikuwa anatabasamu.

* * *

Ivano alimkuta Ersilia kwenye ngazi za nyuma, bado ana rangi usoni, anakula mkate wa kukaanga aliotupiwa na mtu.

"Ulisahau kweli?" Ivano akauliza, amesimama ngazi tatu chini.

"Kweli. Nilikufa pale."

"Nilikuwa nalo neno."

"Niliona. Lilikujaa mdomo mzima."

"Nilitaka kukupa hata kama ningekukosa."

"Najua. Kwa nini hukutoa?"

"Ulisema nisikupe." Akafikiri. "Na nikaona kwamba tangu nikujue sijawahi kukuacha usimame bila mimi. Nilidhani huko ndiko kukupenda. Nikataka nione unasimamaje."

"Kwa hiyo ulinijaribu tena."

Ivano akarudi nyuma ngazi moja.

"Nakutania," Ersilia akasema. Hakuwa anatabasamu sana, lakini alimega mkate, akampa kipande. "Sikiliza. Nina hasira bado. Asubuhi nikiamka itakuwepo. Sijui ya Jumamosi."

"Tuahirishe?"

"Sikusema tuahirishe. Nimesema sijui. Sikupimi, Ivano, mimi si sonara. Sijui kweli. Wewe njoo saa tano kama tulivyopanga. Usinipigie simu kuniuliza, usimtume mtu."

"Sitakupigia."

"Na ile namba nyingine?"

"Niliitupa mtoni Alhamisi, simu na kila kitu."

"Umemtupia samaki simu. Mtu mzima."

* * *

Jumamosi saa tano kamili Ivano alikuwa chumba cha ndoa cha halmashauri, suti ya kijivu, mikono tupu. Saa tano na dakika kumi ofisa mwenye utepe wa bendera begani akamwuliza kama ampigie bibi harusi. Akasema hapana. Saa tano na robo Oreste akajitolea kwenda na gari. Akasema hapana, asante. Saverio, aliyekuja na mke na mapacha, akamwona akifumba macho kila mlango wa chini ulipolia, wala hakusogea dirishani kuchungulia.

Saa tano na dakika ishirini Ersilia akaingia na Desolina. Koti la bluu, hakuna shela.

"Nimechelewa kwa sababu nilikuwa nafikiri," akamwambia ofisa. "Nimemaliza. Soma."

Ofisa akasoma vifungu vya sheria kama vinavyosomwa katika kila ndoa ya nchi ile, kwa sauti ya mtu mwenye ndoa nyingine nne kabla ya chakula. Haki sawa na wajibu sawa. Uaminifu wa kila mmoja kwa mwenzake. Kusaidiana. Akawa anataka kufungua ukurasa.

"Naomba urudie," Ersilia akasema.

"Wapi, bibi?"

"Penye uaminifu."

"Uaminifu wa kila mmoja kwa mwenzake."

"Wote wawili."

"Wote wawili, bibi. Ndivyo sheria inavyosema."

"Haikusema hivyo zamani," Desolina akasema kutoka kiti cha shahidi, na ofisa akageuka. "Mpaka nina miaka kumi na tisa, mke akitoka nje ya ndoa aliwekwa ndani, mume akienda kwa mwanamke wa pembeni alirudi kula chakula chake. Tuliipigia kelele mpaka wakaifuta. Endelea kusoma, baba. Unasoma vizuri."

Ofisa akaendelea. Alipouliza swali lake, Ivano akajibu ndiyo. Kisha ofisa akamgeukia Ersilia. Ivano akabana midomo, akatazama mbele, akangoja.

Ersilia akamwacha angoje pumzi moja nzima, ndefu, ya mwimbaji.

"Ndiyo," akasema.

Desolina akaitiwa sahihi ya shahidi. Akavaa miwani, akaandika jina lake lote, la kwanza, la baba na la mama, akakandamiza kalamu kwa nguvu kiasi kwamba lilisomeka hata kwenye ukurasa wa chini.